Kocha si Mganga: Maoni ya Mnazi wa Virginia Tech

Ndugu wasomaji, kabla sijafika mbali naomba kutangaza maslahi, kama wafanyavyo waheshimiwa bungeni. Mimi ni mnazi wa Virginia Tech, tena kwenye ule mpira wao wa helmeti, si huu wetu wa miguu. Chuo chetu cha George Mason hakina timu ya ngazi hiyo. Sisi jina letu lilitoka kwenye kikapu, mwaka 2006, tulipoingia nne bora ya taifa bila mtu kutupa nafasi. Kwa hiyo anayeishi karibu na kampasi yetu ya hapa Manassas akitaka helmeti, lazima aazime timu ya watu.

Wengi hapa wameazima Tech. Ajabu ni kwamba Blacksburg ipo kama saa nne kwa gari, kwa barabara ya 66 halafu 81, wakati Charlottesville wanakokaa watani wetu, University of Virginia, ni saa moja na nusu tu kwa barabara ya 29. Ushabiki hauna kilometa. Na mji huu umezoea watu kupanga mistari miwili na kuangaliana vibaya: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipiganwa hapa mara mbili, 1861 na 1862, na ile mara ya kwanza watu walitoka Washington na vikapu vya chakula kwenda kutazama, kama sisi tunavyokwenda Taifa kutazama Simba na Yanga.

Najua atatokea mdau aseme: "Bwana mkubwa, umetoka nyumbani kuja kusoma uhandisi, Wamarekani kugongana vichwa kunakuhusu nini?" Swali zuri. Nitalijibu huko mbele, maana linagusa mifuko yetu na wadogo zetu walioko Iten na Arusha. Kwanza tumalizane na kocha.

Septemba 14, 2025 Tech walimfukuza Brent Pry baada ya mechi tatu tu za msimu. Zote alikuwa amefungwa: South Carolina 24-11, Vanderbilt 44-20, halafu Old Dominion wakaja Blacksburg wakatupiga 45-26. Kwa mnazi wa Tech, kufungwa nyumbani na Old Dominion ni sawa na mtu wa Msimbazi kufungwa na timu iliyopanda daraja juzi. Tangu 2022 Pry alikuwa na ushindi 16 na vipigo 24. Sitetei rekodi hiyo, haiteteeki. Ninachopinga ni imani iliyokuwa imeenea kwamba tukishamtoa huyu na kuleta jina kubwa, ugonjwa umepona.

Timu hii ilijengwa na mzee Frank Beamer, na ni vizuri tukumbuke ilivyojengwa. Alianza kazi 1987 akakuta timu ina adhabu ya NCAA, nafasi za ufadhili zimepunguzwa. Mwaka wa kwanza alishinda mechi 2, akafungwa 9. Mwaka wa pili alishinda 3, akafungwa 8. Mwaka 1992, huo ni mwaka wake wa sita jamani, alishinda 2, akafungwa 8, akatoka sare moja. Leo hii angefika mwaka wa sita? Angekuwa ameshafungashiwa virago wa tatu. Mkurugenzi wa michezo wa wakati ule, Dave Braine, alimwacha kazini, na Beamer akapanga upya benchi lake la wasaidizi.

1993 akashinda mechi 9. Kuanzia msimu ule mpaka anastaafu 2015, timu ilicheza mechi za heshima za mwisho wa msimu miaka 23 mfululizo. Januari 2000, akiwa na kijana anaitwa Michael Vick, alicheza fainali ya ubingwa wa taifa, akafungwa na Florida State 46-29. Aliondoka Tech akiwa na ushindi 238. Na siri yake haikuwa uchawi. Alikaa na yale mambo ambayo makocha wengine walikuwa wanayapita haraka: kuzuia teke la mpinzani, kurudisha mpira uliopigwa teke, kulinda teke lako. Dakika chache ndani ya mechi, lakini ndizo zilizokuwa zinaamua nani anacheka. Mtu yeyote aliyewahi kukaa maabara anajua utamu wa kazi ya namna hiyo.

Sasa angalieni kichekesho. South Carolina waliofungua mlango wa kumtoa Pry wanafundishwa na Shane Beamer, mtoto wa mzee huyo huyo.

Wiki mbili baada ya kumfukuza Pry, bodi ya chuo ilikaa ikapitisha nyongeza ya zaidi ya dola milioni 200 kwa ajili ya michezo, kwa miaka minne. Mimi nausoma uamuzi ule kama kukiri kwamba gari lilikuwa halina mafuta muda mrefu. Basi kama gari halina mafuta, umemshusha dereva kwa kosa gani? Labda alikuwa dereva mbaya pia. Lakini huwezi kujua ubaya wa dereva kwenye gari ambalo haliwaki. Sisi wa uhandisi tunafundishwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hujui kilichotibu ni kipi.

Na hapa ndipo watani wetu wanaponiuma zaidi. Virginia walimleta Tony Elliott Desemba 2021. Msimu wa kwanza ushindi 3 na vipigo 7, wa pili 3 na 9, wa tatu 5 na 7. Mashabiki wao walipiga kelele kama sisi, lakini uongozi wao ukatulia. Mwaka 2025 Elliott alishinda mechi 11, nyingi kuliko msimu wowote katika historia ya chuo kile, akafika fainali ya ligi ya ACC na kufungwa na Duke katika muda wa nyongeza. Njiani, Novemba 29, akatupiga sisi 27-7. Hawa ni watu tuliowafunga mara 15 mfululizo, 2004 mpaka 2018! Nikisema ukweli wote, walifanya pia usajili wa nguvu, na kwotabeki wao Chandler Morris alitoka chuo kingine. Lakini hela ile ilimkuta kocha ambaye tayari anajua nyumba yake. Walitumia somo la Beamer sisi wenyewe tukiwa tumelisahau.

Mtu wa Jangwani atanibishia hapa. Atasema Yanga kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025 ilipita kwa Gamondi, Ramovic, Hamdi na Folz, na bado ubingwa wa 2024/25 ikauchukua. Kweli kabisa. Ila huo ni ushahidi wangu mimi. Makocha walikuja na kuondoka, wachezaji na hela vikabaki, na ubingwa ukafuata wachezaji na hela. Upande wa pili, Simba walipigwa 5-1 Novemba 2023, Robertinho akaondoka ndani ya siku mbili, na ubingwa wa msimu ule haukwenda Msimbazi. Wenzetu wa Gor na Ingwe Nairobi wana hadithi za kufanana na hizi, mtatuandikia.

Naomba niseme neno kuhusu utani, maana wageni wengi wanadhani Tech na Virginia wanachukiana. Nyumbani tunajua mtani ni nani: ni yule anayekutukana harusini, halafu msiba ukitokea ndiye wa kwanza kushika jembe. Aprili 16, 2007 watu 32 waliuawa kwa risasi pale Tech, wengi wao ndani ya jengo la uhandisi, na mmoja alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kutoka Misri, Mwafrika mwenzetu aliyekuja kusoma kama sisi. Charlottesville walilia nasi. Novemba 13, 2022 ikawa zamu yao: wachezaji wao watatu, Devin Chandler, Lavel Davis Jr. na D'Sean Perry, waliuawa kwa risasi chuoni, na mechi yetu ya mwaka ule ikafutwa. Hakuna mnazi wa Tech mwenye akili aliyedai pointi. Kwa hiyo nikiwataniana na watu wa Virginia, nawataniana kama mtani.

Sasa nirudi kwa yule mdau aliyeuliza yanatuhusu nini.

Mwezi Juni 2025 mahakama ilipitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mimi naunga mkono kijana kulipwa jasho lake. Lakini hela hiyo lazima itoke mahali, na sehemu kubwa inakwenda kwenye helmeti. Katika vyuo vingi vya umma hapa Virginia, sehemu ya ada ya lazima ya kila mwanafunzi inakwenda kwenye michezo. Wewe unayebeba boksi usiku ili ulipe ada asubuhi, tayari ni mdhamini wa timu, utake usitake. Mdhamini ana haki ya kuuliza maswali.

Kubwa zaidi ni wadogo zetu. Mlango wa Mwafrika Mashariki kwenye michezo ya vyuo vya Marekani ni riadha. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Edward Cheserek alichukua mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Nyuma yao wapo wengi wasio na majina, waliopata digrii ya uhasibu au uuguzi kwa miguu yao. Makubaliano yale yameweka ukomo wa wachezaji kwa vyuo vilivyojiunga nayo: helmeti 105, mbio za nyika 17. Bajeti ikibana, kocha wa riadha ndiye anayeitwa ofisini, siyo kocha wa helmeti. Na yule mkimbiaji kutoka Eldoret mwenye viza ya F-1, hata hizo hela mpya hawezi kuzichukua kirahisi kama Mmarekani anayekaa naye chumba kimoja, kwa sababu viza inambana kwenye mambo ya kazi. Analipia karamu ambayo hatakula.

Ndiyo maana nasema kila kocha anayefukuzwa kwa pupa ni gharama yetu pia. Akifukuzwa analipwa mkataba wake uliobaki, anayekuja analipwa zaidi, na wasaidizi wake nao wanalipwa. Hela hizo zingeweka ufadhili wa wakimbiaji wangapi?

Tech walimtangaza James Franklin Novemba 2025, mwezi mmoja tu baada ya Penn State kumfukuza. Ni kocha mzuri. Alishinda mechi 104 kule. Kasoro yake inajulikana: akikutana na vigogo wa kumi bora, alikuwa anapoteza karibu kila mara. Mimi nampokea kwa mikono miwili, ila nina masharti kama mnazi. Apewe misimu minne, tena bila kelele za Septemba. Tusimpime kwa mechi moja ya watani. Tumpime kwa vijana wa Virginia wanaobaki nyumbani, maana Vick alitoka Newport News na Kam Chancellor alitoka Norfolk, hawakununuliwa mbali. Tumpime kwa yale mateke ya mzee Beamer. Na bodi iwaambie wanafunzi, kwa tarakimu, ufadhili wa riadha utabaki wangapi wakati hela za helmeti zinapanda.

Wasomaji mlioko vyuo vingine, nanyi mna timu zenu na bodi zenu. Mikutano ya bodi za vyuo vya umma kwa kawaida iko wazi kwa yeyote. Nendeni mkakae, muulize ada yenu inagawanywaje. Mkiwa mmevaa jezi itakuwa vizuri zaidi, wataona kwamba ni wanazi wanaouliza, siyo maadui.

Na nyinyi wa Charlottesville, 27-7 nimeiandika ukutani. Tutaonana Novemba.

Naomba kutoa hoja.