KAZI ZA MIKONO: Wembe wa Babu na Kutu ya Pwani

Msomaji wetu mmoja wa Msambweni ametuandikia kwamba amerithi kwa marehemu babu yake wembe wa kukunja, wenye chapa ya Sheffield, nao umeshikwa na kutu. Fundi mmoja amemwambia auchovye katika nikeli mara moja, upate kung'aa kama mpya. Atuuliza kama shauri hilo ni jema. Twamjibu: asifanye haraka. Mchovyo ni kama nguo, na nguo haiponyi kidonda.

Nyembe nyingi za kale za Sheffield, Uingereza, na za Solingen, Ujerumani, zilifuliwa kwa feleji ya kawaida. Feleji isiyoshika kutu aliifanya Harry Brearley huko Sheffield mwaka 1913, na nyembe za kabla ya hapo hazina kinga hiyo. Tena sisi wa Kwale, tangu Diani hata Vanga, twavuta upepo wenye chumvi. Chumvi ikikutana na unyevu wa masika juu ya feleji, kutu haikawii.

Basi kazi ya kwanza ni kuondoa kutu. Ulaze wembe juu ya kipande cha mbao, utie mafuta ya taa, kisha usugue kwa msasa laini, namba 600, halafu 1000, halafu 2000. Sugua kwa kufuata urefu wa wembe, na kidole kisivuke makali. Usikubali gurudumu la umeme. Wembe ni mwembamba, hushika moto upesi. Ukiona rangi ya buluu, jua joto limekaribia nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu wa feleji umepotea. Hapo hakuna kinoo kitakachoufaa.

Kisha yatazame makali kwa kioo cha kukuza. Ikiwa kutu imechimba vishimo hata ukingoni, makali yatamomonyoka kila yanaponolewa. Wembe wa namna hiyo, ikiwa vishimo haviishi kwa kunoa, na uwekwe uwe ukumbusho tu.

Sasa tuje kwenye mchovyo. Wembe hutolewa mpini, hutundikwa katika maji yenye chumvi za nikeli, na umeme ukipita, nikeli huja ikaganda juu ya feleji. Utando huo ni mwembamba mno: kila kishimo huonekana, na penye kutu haushiki, bali hubambuka baadaye. Lililo kubwa zaidi ni hili: wakati wa kunoa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya kinoo, basi nikeli hulika pale pale ulipotaka ikulinde. Mchovyo hupamba ubavu na shina la wembe. Makali hayapati faida.

Wala mtu asijaribu kazi hii jikoni. Maji ya kuchovyea dhahabu mara nyingi huwa na sianidi, nayo ni sumu ya kuua; mvuke wa maji ya kromu huweza kuleta saratani. Na ikiwa mpini ni wa pembe ya ndovu, msomaji akumbuke kwamba sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza kuwa nayo bila kibali.

Kinga iliyo bora ni rahisi. Kila baada ya kunyoa, osha wembe, ukaushe kabisa, upitishe juu ya ukanda wa ngozi, kisha upake mafuta ya cherehani kidogo. Mafuta ya nazi yafaa kwa siku chache, ila yakikaa sana huchacha na kunata. Tena wembe uwe wa mtu mmoja, kwa maana mng'ao hauui viini vya maradhi.

Wazee walisema, mwana akililia wembe, mpe. Lakini wembe wa babu usimpe fundi kabla hujauondoa kutu.

Juma lijalo: namna ya kuchagua kinoo.