Kompyuta: Tuinunue au Tuiunde?

Wazazi wa Temeke na Kinondoni huuliza: je, kijana anunuliwe kompyuta ya mezani iliyokwisha kuundwa, au aachwe anunue vipuri Kariakoo aiunde mwenyewe?

Iliyokwisha kuundwa ina sifa zake. Vipuri vyake vimejaribiwa pamoja kiwandani, na ile iliyokwisha kutumika maofisini ng'ambo huuzwa kwa bei nafuu. Kwa anayehitaji kuandika barua tu, hiyo yatosha.

Lakini mtihani huja siku umeme unaporudi kwa kishindo na kuunguza pawasaplai. Mashine nyingi za maofisini zina pawasaplai ya umbo la kampuni yake pekee. Ya kawaida haiingii, na kompyuta nzima hubaki ikila vumbi. Aliyeunda yake kwa vipimo vya ATX, vilivyotolewa na Intel mwaka 1995, hubadili kipuri kimoja na kuendelea na kazi.

Tukumbuke kuwa mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo mlango u wazi. Je, tutosheke kuwa wanunuzi tu?

Rai yangu ni hii: mwenye haraka na anunue, ila kabla ya kulipa aombe kasha lifunguliwe aone kilichomo. Kijana mwenye hamu ya kujifunza na apewe bisibisi na vipuri. Akikosea, huenda tukapoteza kipuri kimoja. Akifaulu, mtaa mzima umepata fundi.