Mwisenge: Mtumbwi tuuegeshe kichwani?

Kijana mwenzangu, fanya jambo moja. Amka siku moja saa kumi na moja alfajiri, teremka Mwisenge hadi ziwani, simama pembeni mikono mfukoni kama mtu asiye na shida. Utaona sinema ya bure. Mitumbwi inarudi na dagaa, mingine na sangara wawili watatu wa kutia aibu. Bodaboda zimejipanga hadi tairi zinaloa, kila dereva anataka kubeba ndoo ya kwanza. Pikapu ya mchuuzi imezama kwenye mchanga, imeziba njia, na nyuma yake kuna pikapu nyingine inapiga honi, kana kwamba honi inafukua mchanga. Mtumbwi wa tatu hauna pa kuingia. Vijana wameushika kwa mikono, maji kiunoni, wanasubiri. Wanasubiri nini? Nafasi ya kuegesha! Kwenye ziwa lenye kilometa za mraba 68,800, na zaidi ya nusu yake ni letu Watanzania, mtu anakosa hatua tatu za kuweka mtumbwi wake.

Ukiwaeleza wakubwa habari hii wanacheka. Kwao maegesho ni jambo la wenye magari, tena magari yenye kiyoyozi. Mvuvi ana maegesho gani? Si avute mtumbwi wake aende zake!

Hebu tuwafundishe, maana inaonekana hawajui. Huku ziwani mwenye mtumbwi tunamwita tajiri, hata kama suruali yake ina viraka viwili. Tajiri huyo wa viraka akitaka kuingia majini, mzigo wake ni huu: injini ya farasi 15, ambayo uzito wake ni zaidi ya kilo 35, dumu la petroli la lita 20, nyavu, taa, makasia ya akiba, na vijana watatu au wanne. Injini haiachwi ufukweni usiku, kwa sababu ukiiacha asubuhi utakuta alama za miguu tu. Wizi wa injini na nyavu katika Ziwa Victoria si hadithi ya kutishia watoto. Kwa hiyo kila siku injini inatoka nyumbani na kila siku inarudi nyumbani, ama kwa toroli, ama kwa bodaboda, ama begani. Toroli hilo, pikipiki hiyo, lazima vifike karibu na maji, na vikishafika lazima viwe na mahali pa kusimama hadi mwenyewe arudi. Ukimfukuza asimame barabarani huko juu, umemwambia abebe kilo 35 begani akiteremka na kupanda. Jaribu wewe mara moja kisha uniambie ni anasa.

Sasa njoo kwenye mchezo wenyewe. Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kushusha injini kwenye mwalo mmoja wa ziwa hili. Tulisimamisha pikipiki chini ya mti, mbali kabisa na njia. Akatokea bwana mmoja mwenye kimashine cha risiti. Lipa maegesho. Tukalipa. Jioni yake tunarudi, bwana mwingine, kimashine kingine: hapa hairuhusiwi kuegesha, lipa faini. Nikamuuliza, kaka, asubuhi tumelipia nini basi kama hapa haparuhusiwi? Akanijibu bila haya, "Asubuhi ilikuwa asubuhi." Ndugu yangu akacheka, akalipa. Mimi sikucheka. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile nasikia moto kooni.

Lakini tusimalize hasira zote kwa wenye vimashine, wale ni vibarua kama sisi. Tatizo lina mizizi mirefu, na mzizi wa kwanza ni maji yenyewe.

Wazee wa Musoma wanakumbuka mvua za uhuru. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, likameza mashamba na nyumba. Baadaye likaanza kurudi taratibu, na mwaka 2006 lilishuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mchanga ulijitandaza. Mtu akiangalia ufukwe wa 2006 alidhani Mungu ameongeza ardhi. Hapo ndipo wajanja walipotoa futi kamba zao. Kisha Mei 2020 maji yakarudi hadi kimo kile cha 1964, na mwaka 2024 yakapita hata hapo. Piga hesabu mwenyewe: ufukwe wenye mteremko mdogo, tuseme unashuka mita moja kila ukienda mita 20, maji yakipanda mita moja tu yanakula mita 20 za mchanga. Mita 20 ndizo zilizokuwa uwanja wa mitumbwi, wa dagaa na wa pikipiki.

Kwa hiyo mbele maji yamesogea. Nyuma je? Nyuma kuna ukuta.

Tembea kando ya ziwa hili, Musoma au Mwanza, uhesabu kuta. Geti la chuma, ua wa michongoma, kibao cha "mbwa mkali". Njia ambayo babu yako alipita na ngalawa begani imekuwa bustani ya mtu. Mvuvi amebanwa kama chapati ndani ya gazeti. Ndipo unaanza kuelewa kwa nini pikapu mbili zinagombania kichochoro kimoja pale Mwisenge.

Na sheria ipo, tena si moja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa miongoni mwa ardhi ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo hizo 60. Soma tena hilo neno, msomaji wangu: za kudumu. Ukuta wa matofali ni wa kudumu. Ghorofa ni la kudumu. Mtumbwi je? Mtumbwi unaondoka jioni na kurudi alfajiri! Toroli linalala nyumbani! Kama kuna kitu ambacho sheria hii haikukilenga, ni mtumbwi wa mlalahoi. Ajabu ni kwamba watu wa mita 60 wakija, macho yao yanakiona kibanda cha mama wa dagaa chenye nguzo nne za miti, lakini ukuta wa matofali elfu kumi hawauoni. Sijui ni miwani gani hiyo.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayelijibu: mita 60 kutoka wapi? Kutoka maji ya 2006 au maji ya 2024? Aliyepima kiwanja chake mwaka ule wa ukame anakuonyesha karatasi safi kabisa, mihuri yote ipo, na wakati huo huo mawimbi yanamwosha mlango. Mstari wa kupimia lazima uwe ule wa maji makuu, ambao ziwa limetuonyesha mara mbili ndani ya miaka mitano. Hatuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Alama za maji ziko kwenye kuta zao wenyewe.

Jambo jingine wasilolijua wapimaji wetu ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi ya dagaa inapumzika siku kadhaa kila mwezi. Wakati wa giza mingine hulala visiwani. Mbalamwezi ikifika inarudi yote kwa pamoja, na hapo ndipo balaa linapoanza: mmoja juu ya mwingine kama viatu mlangoni msibani. Mtumbwi wa kawaida unahitaji kama mita mbili na nusu za upana wa ufukwe ili watu wapite kati yake na jirani yake. Mitumbwi 40 ni mita 100 nzima. Sasa ofisa anayekuja siku ya giza, saa nne usiku au hata saa nne asubuhi ya siku mbaya, ataandika kwamba ufukwe una nafasi ya kutosha, hata ya kumpangisha mwekezaji. Mwambie aje mbalamwezi.

Usifikiri nakupaka mafuta wewe kijana. Na sisi tuna yetu. Nani anaosha bodaboda ndani ya ziwa, oili inaelea kama upinde wa mvua, halafu mama anachota maji hapo hapo? Sheria ile ile ya mita 60 inakataza pia shughuli zinazoharibu ukingo, kwa hiyo anayeosha pikipiki ziwani anampa mkubwa fimbo ya kutuchapia sote. Nani anaacha pikipiki katikati ya njia kwa sababu "nakaa dakika mbili", kisha anapiga soga nusu saa? Na wewe tajiri mwenye mtumbwi uliooza, mbao zimefumuka, hauelei tena wala hautaelea, lakini kila ukiambiwa uuondoe unasema utautengeneza mwakani! Mwakani hiyo imekuwa miaka mitatu. Mtumbwi huo mfu unakalia nafasi ya mtumbwi hai. Uchanwe kuni.

Wapo watakaosema dawa ni amri: mitumbwi midogo iondoke, libaki la wenye vyombo vikubwa na gati la zege. Waangalieni majirani zetu wa Uganda. Mwaka 2017 walileta jeshi kwenye mialo, na mitumbwi iliyopungua futi 28 ikahesabiwa haramu, ikachomwa moto. Samaki wakubwa waliongezeka, ndiyo, viwanda vikafurahi. Mwenye kamtumbwi ka futi 20 akabaki anatazama majivu. Na sisi wenyewe si tulikuwa na yetu ya 2018? Nyavu zilichomwa mlima kwa mlima, na mwezi Juni maofisa wa uvuvi wakaingia na rula hadi kantini ya Bunge pale Dodoma kupima urefu wa samaki mezani. Siku ile waheshimiwa walipiga kelele kweli kweli. Mvuvi wa Mara alikuwa amepimwa kwa rula hiyo miezi mingi, hakuna aliyepiga kelele kwa niaba yake mpaka rula ilipogusa sahani ya mheshimiwa.

Ndiyo maana nasema tusisubiri mpaka mheshimiwa akose pa kuegesha boti yake. Mwisenge si kijiji cha kusahaulika. Hapa ndipo Julius Nyerere alipoanza shule mwaka 1934, akitokea Butiama. Msafara wa mkubwa ukija kuiona shule ile, magari ya kung'aa hupata maegesho ndani ya dakika moja, na barabara hufagiliwa. Basi uwezo wa kupanga maegesho upo. Unakosa tu kuteremka hadi majini.

Tunachotaka si bandari. Tunataka njia moja iliyopimwa, yenye upana wa kupishana pikapu mbili, ichorwe kwenye ramani kabla hakijauzwa kiwanja kingine. Tunataka kokoto zimwagwe pale inapoishia ili gari lisizame, na zilipiwe kwa fedha hizo hizo za vimashine. Mahali pa pikipiki pawe upande mmoja, mitumbwi upande mwingine, na kamba katikati. Vikundi vya usimamizi wa mialo vimekuwepo kandokando ya ziwa hili tangu mwaka 1998. Vinajua kila mtumbwi ni wa nani, vinaweza kugawa nafasi bila polisi wala rungu. Na mapato ya maegesho yabandikwe ukutani kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa tarakimu ambazo hata mimi nitazielewa.

Mkutano wa mtaa ukiitwa, usikae kijiweni ukibishana kuhusu Simba na Yanga, watakupigia kura ya kiwanja ukiwa hapo hapo. Mimi nitakuja na kamba ya mita 60, tuinyooshe kutoka kwenye alama ya maji ya 2024, tuone inaishia sebuleni kwa nani. Wewe njoo na kigingi na nyundo.