Kutoka London hadi Koboko: wasichana wanapojitungia wimbo wao

Muziki wa panki, wenye magitaa ya kelele na sauti za kupaza, si muziki wa Arua wala wa Koboko. Arusi za huku zina ngoma zake na vijana wana wasanii wao. Hata hivyo, swali lililoulizwa na wasichana wa panki tangu miaka ya 1970 linagusa moja kwa moja maisha ya binti wa West Nile: ni nani anayemtungia msichana maneno anayoyaimba?

Miongoni mwa waliolianzisha swali hilo alikuwamo mtu mwenye asili ya Afrika Mashariki. Poly Styrene, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1957 kwa baba Msomali na mama Mwingereza, aliunda kundi la X-Ray Spex jijini London mwaka 1976. Alipanda jukwaani akiwa na vyuma vya meno, akiimba dhidi ya wale waliotaka msichana aonekane tu na asisikike. Alifariki dunia mwaka 2011, lakini njia aliyoifungua haikufungwa.

Mwaka 1991, katika mji wa Olympia nchini Marekani, kundi la Bikini Kill na wenzao walianzisha vuguvugu lililoitwa Riot Grrrl. Kathleen Hanna, mwimbaji wa kundi hilo, alikuwa akiwataka wanaume warudi nyuma ya ukumbi ili wasichana wasimame mbele bila kusukumwa wala kushikwashikwa. Wasichana walikutana wenyewe kwa wenyewe, wakazungumza kuhusu ukatili walioufanyiwa, na wakarudufu vijarida vya mkono vilivyopita kutoka binti hadi binti. Anayesoma kwamba mwenzake wa mji mwingine amepatwa na lile lililompata yeye, huacha kudhani kwamba kosa ni lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya vuguvugu hilo, kuliko magitaa yenyewe.

Lilikuwa na kasoro pia. Wengi wa waliosikika walikuwa Wazungu wenye maisha ya kadiri, na wasichana weusi walilalamika kwamba mbele ya ukumbi hapakuwa na nafasi yao. Somo hapa ni kwamba umoja wa wanawake hauji kwa kutangazwa. Sharti aulizwe kila mara ni nani aliyebaki mlangoni.

Lakini msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Olympia kutafuta mfano. Siti binti Saad wa Zanzibar, mfinyanzi aliyekuja kuwa malkia wa taarab na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara kisha akatoroka. Mkono wa sheria uliwaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Mahakama ilikwisha kusema lake. Wimbo ukasema la wanawake, na hadi leo ni wimbo unaokumbukwa.

West Nile nayo ina hazina yake. Wanubi wa Arua na Koboko wana doluka, ambayo wanawake huiimba na kuipiga wenyewe arusini. Tofauti inaonekana shuleni. Katika mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, wasichana huimba kwa ustadi mkubwa, ila mada hutolewa na wakubwa na maneno mara nyingi hutungwa na walimu. Binti huimba kwamba ajiepushe na mimba. Ni nadra kumsikia akiimba kuhusu mtu mzima aliyemfuata njiani akitoka kuteka maji.

Jambo hili si la burudani tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 24 ya wasichana wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 25. Katiba inataka mwenye kuoa au kuolewa awe ametimiza miaka 18. Sheria ipo, na nyimbo za maonyo zipo tele, lakini takwimu karibu hazijasogea. Huenda ni kwa sababu onyo humwelekea msichana peke yake, na aibu humfuata yeye peke yake.

Kupaza sauti kuna gharama, na ni haki kulisema hilo wazi. Baada ya sheria dhidi ya ponografia kutiwa saini mwaka 2014, wanawake kadhaa nchini Uganda walishambuliwa mitaani kwa sababu ya mavazi, hadi Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha mwaka 2021. Msichana mmoja akiimba kuhusu madhila yake ataitwa asiye na adabu. Wakiimba ishirini, ni vigumu kuwaita wote hivyo. Ndiyo maana kuungana hutangulia ujasiri.

Wimbo hauwezi kuchukua nafasi ya kituo cha afya, polisi wala hakimu. Unaweza, hata hivyo, kumfanya binti ajue wa kumwendea kabla ya kufika huko. Katika Koboko, ambako makazi ya Lobule yanawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo, Kiswahili kinaweza kuwa daraja baina ya binti mgeni na binti mwenyeji, ambao lugha zao za nyumbani ni tofauti. Walimu, viongozi wa dini na redio za West Nile wanaweza kuanza na hatua ndogo: kuwapa wasichana saa moja kwa wiki, mlezi mwanamke wanayemwamini, na karatasi isiyoandikwa kitu. Maneno watayatia wenyewe. Wazee nao watakuwa na kazi ngumu zaidi, nayo ni kuyasikiliza mpaka mwisho.