Usalama wa Mji Huanzia Ulimini

Nabii Ibrahim (a.s.) alipouombea mji wa Makka, alitanguliza ombi la usalama, kisha ndipo akaomba matunda na riziki. Katika mpangilio huo mna somo kubwa kwa wenye kuzingatia. Chakula hakina ladha kinywani mwa mwenye hofu, na nyumba nzuri haina raha ikiwa mwenyewe hulala macho wazi. Kwa sababu hiyo hatuwalaumu hata kidogo ndugu zetu ambao, tangu ghasia za mwaka 2024, wamekuwa wakituuliza baada ya swala: Je, Uingereza pangali pakalika? Wengi wao wana watoto, dada au wapwa waliohamia huko, na simu zao zilijaa picha za moto na mawe. Swali ni la haki, nalo lastahili jibu la haki.

Tuanze na mji wenyewe. Southport ni mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Liverpool, wenye wakazi wapatao 94,000. Ni mji wa bustani na wa wastaafu, ambako watu huenda kupunga upepo wa bahari. Siku ya Jumatatu, tarehe 29 Julai 2024, kijana wa miaka 17 aliingia kwa kisu katika darasa la dansi la watoto waliokuwa likizoni. Watoto watatu wa kike, wenye umri wa miaka 6, 7 na 9, waliuawa. Watoto wengine 8 na watu wazima 2 walijeruhiwa. Hakuna neno lolote tutakaloliandika baada ya haya ambalo litapunguza uzito wa msiba huo, na anayesoma makala haya awakumbuke kwanza watoto hao na wazazi wao kabla ya kulikumbuka jambo lingine lolote.

Jioni ile ile kukazuka uvumi. Likatajwa jina la kubuni lenye sura ya Kiislamu, ikadaiwa kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia nchini kwa mashua mwaka uliotangulia. Polisi walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba mtuhumiwa alizaliwa Cardiff, huko Wales, na wakasema kwamba jina lililokuwa likienezwa si lake. Lakini uongo ulikuwa umekwisha kutweka tanga. Jumanne jioni kundi kubwa la watu likauendea msikiti wa mji huo, likaurushia mawe na matofali na kubomoa ukuta wake, na waumini wakiwa wamejifungia ndani. Gari la polisi lilichomwa moto, na askari zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Kwa vile sheria ya Uingereza huzuia kumtaja kwa jina mshtakiwa aliye mtoto, ilibidi jaji wa Liverpool atoe ruhusa maalumu tarehe 1 Agosti jina la kweli litangazwe, ili uvumi ukatike. Hata hivyo ghasia zilienea hadi Sunderland, Hull, Middlesbrough na kwingineko, na hoteli moja karibu na Rotherham ilijaribiwa kuchomwa moto huku waomba hifadhi wakiwa ndani yake.

Kijana yule hakuwa Mwislamu wala hakufika kwa mashua. Ni mzaliwa wa Uingereza, wa wazazi waliotoka Rwanda. Ni kweli kwamba alikutwa na kitabu cha mafunzo cha al-Qaida, pamoja na sumu aliyoitengeneza nyumbani, na hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Lakini waendesha mashtaka hawakuona ushahidi kwamba alifuata itikadi fulani. Walichokiona ni mtu aliyetekwa na mauaji kwa ajili ya mauaji yenyewe. Tarehe 23 Januari 2025 alihukumiwa kifungo cha maisha, asifikiriwe kuachiliwa kabla ya miaka 52. Tena ikadhihirika kwamba kati ya mwaka 2019 na 2021 jina lake lilikuwa limepelekwa mara tatu kwenye mpango wa serikali wa kuzuia ugaidi, na mara zote tatu hakufuatiliwa ipasavyo. Basi na tuzingatie: waliokuwa wakiitafuta hatari baharini, katika mashua za wageni, hatari yenyewe ilikuwa imekaa nyumbani, inajulikana, na imeandikwa katika majalada.

Sasa turejee kwenye swali la ndugu zetu. Je, usalama wa mji hujulikanaje? Wengi hujibu kwa picha waliyoiona jana, na wachache hujibu kwa takwimu. Picha hudanganya, lakini takwimu nazo zahitaji msomaji mwadilifu, maana ni ushahidi, na ushahidi hupimwa.

Uingereza na Wales zina njia kuu mbili za kuhesabu uhalifu. Ya kwanza ni hesabu ya polisi, ambayo huhesabu makosa yaliyoripotiwa na kuandikwa. Ya pili ni mahojiano ya kaya, yaliyoanza mwaka 1982, ambamo watu huulizwa waliyotendewa, wawe waliripoti au hawakuripoti. Mnamo Januari 2014 hesabu ya polisi iliondolewa hadhi ya takwimu rasmi za taifa, kwa kuwa ilionekana kwamba makosa mengi hayakuandikwa inavyotakiwa. Ama mahojiano ya kaya, yanaonyesha kwamba wizi, uvunjaji wa nyumba na ujeuri vilifikia kilele mwaka 1995, na tangu hapo vimepungua kwa takribani robo tatu. Kilichokua ni utapeli wa fedha kwa njia ya simu na mtandao. Mauaji katika nchi hiyo ni takribani mtu mmoja kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa hiyo anayesema kwamba nchi ile nzima imegeuka pango la wauaji, amesema asilolijua.

Lakini takwimu za mji mdogo zina mtego wake. Tarehe 19 Agosti 1987, katika mji wa Hungerford wenye watu wapatao 5,000 wakati ule, mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 16 mjini humo na kandokando yake. Ukilipiga hesabu tukio hilo kwa kila watu 100,000, utapata kiwango cha mauaji cha takribani 300 kwa mwaka huo, yaani mara mia nyingi kuliko wastani wa taifa. Je, Hungerford ulikuwa mji wa wauaji? La hasha! Ulikuwa mji mtulivu uliofikwa na siku moja mbaya. Waingereza hawakuuhukumu mji, bali walikitazama chombo kilichotumika, na mwaka 1988 sheria ikapiga marufuku aina nyingi za bunduki za kujifyatulia. Huko ndiko kujifunza. Southport nao, kwa hesabu kama hiyo, watoto watatu peke yao huupandisha mji hadi mara tatu ya wastani wa taifa. Tarakimu ni sahihi, lakini anayeitumia kuuhukumu mji huo au watu wa kabila au dini fulani ameidhulumu.

Upo pia mtego wa upande wa pili, nao twauona kuwa mkubwa zaidi, nao ni tarakimu ndogo inayotokana na ukimya. Mnamo Agosti 2014 ilitolewa ripoti kuhusu Rotherham, ambayo ilikadiria kwamba watoto wasiopungua 1,400 walinajisiwa na kutumikishwa kati ya mwaka 1997 na 2013. Wengi wa waliotajwa kutenda uovu huo walikuwa wanaume wenye asili ya Pakistani. Watoto walisema, wala hawakusadikiwa. Polisi waliwadharau, na baadhi ya watumishi wa umma waliogopa kutaja asili ya watuhumiwa wasije wakaitwa wabaguzi. Kwa miaka mingi madaftari yalionyesha unafuu, na huku watoto wakiangamia. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, tena katika jarida hili linalosomwa misikitini, kwa sababu hatuwezi kudai uchunguzi pale tu unapotuondolea lawama. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratun-Nisaa tusimame na uadilifu hata kama ushahidi wetu utatuumiza sisi wenyewe au jamaa zetu.

Na hapa ndipo pana jambo linalotukera nafsini. Jina la kweli lilipotangazwa, wengi wetu tulishusha pumzi tukasema: Alhamdulillah, si wetu. Faraja hiyo yaeleweka, kwa sababu mawe yalikuwa yakirushwa. Lakini hebu tujiulize: Je, kama angalikuwa Mwislamu, ukuta wa msikiti ungalikuwa halali kubomolewa? Je, wazee waliojifungia ndani wangalikuwa na hatia? Hapana kabisa. Qur'ani Tukufu imefundisha mahali pengi kwamba hapana mbebaji atakayeubeba mzigo wa mwingine. Kwa hiyo anayejitetea kwa kusema tu kwamba muuaji hakuwa Mwislamu, amelikubali bila kujua sharti la wale wenye mawe, nalo ni kwamba kosa la mmoja ni la wote. Sisi twalikataa sharti hilo tangu mwanzo, lituangukie au lituepuke.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waingereza peke yao. Lugha yetu tamu ya Kiswahili ina methali mbili ambazo, zikitumiwa vibaya, zingaliweza kuandikwa kwenye mabango ya wale waliouvamia msikiti. Ya kwanza yasema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya pili yasema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Southport lililosemwa halikuwapo wala halikuja. Lililokuja ni moto wa walioliamini. Na ni mara ngapi hapa kwetu mtu amepigiwa ukelele wa mwizi sokoni, akavishwa tairi na kuchomwa kabla hajaulizwa hata jina lake? Wapigaji hawakuona akiiba. Walisikia tu.

Mtukufu Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo, na kwamba Mwislamu ni yule ambaye watu wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Tuone jinsi ulimi ulivyotangulia mkono. Mkono uliotupa tofali Southport ulitanguliwa na maelfu ya ndimi, nyingi zikiwa mbali sana na mji huo, ambazo hazikutupa kitu ila maneno.

Basi twazishauri jamaa zetu mambo matatu. Kwanza, habari ya hofu inapotufikia kwa simu, isiondoke mikononi mwetu kwenda kwa mwingine mpaka tumejua ni nani aliyeisema na ameijuaje. Suratun-Nisaa imewalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza, badala ya kulirejesha kwa wenye kujua na wenye madaraka. Pili, kila msikiti uwe mahali ambapo mtoto au mwanamke aliyedhulumiwa anaweza kusema akasikilizwa, hata kama mdhulumu ni mtu wa safu ya kwanza, kisha jambo lake lifikishwe kwenye vyombo vya sheria. Msikiti unaoficha uovu kwa kuogopa fedheha umeijenga fedheha kubwa zaidi. Tatu, tuwajue majirani zetu wasio wa dini yetu kabla ya siku ya shida, maana siku hiyo ikifika hapatakuwa na nafasi ya kujuana.

Jambo hilo la tatu tumelishuhudia Southport kwenyewe. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 31 Julai, moshi ukiwa haujaisha, wakazi wa mji walitoka na mafagio, na waashi wakaja na matofali na saruji, wakaujenga upya ukuta wa msikiti bila malipo. Wengi wao hawakuwa Waislamu, na mji wao wenyewe ulikuwa katika matanga. Huko Liverpool, ambako Abdullah Quilliam alianzisha jumuiya ya Waislamu mwaka 1887, imamu wa msikiti unaobeba jina lake alitoka Ijumaa ya wiki hiyo kuwaendea walioandamana nje ya mlango wake, akawapelekea chakula na kuzungumza nao. Na tarehe 7 Agosti, palipotarajiwa ghasia nyingine katika miji mingi, maelfu ya raia wa kawaida walijitokeza kusimama dhidi yake, na ghasia nyingi zilizotangazwa hazikutokea.

Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu zetu ni hili. Pakalika, kwa sababu huko, kama kila mahali, wapo wabomoaji na wapo waashi, na takwimu zenyewe hazishuhudii kwamba nchi imeangamia. Waambieni watoto wenu wawe waangalifu, wazijue sheria za nchi, wapige simu polisi wakiona hatari, wala wasijifungie wasijulikane na majirani. Na ninyi mlio hapa, msiwatumie hofu mliyoitoa huku. Ukuta wa Southport ulibomolewa kwa neno lisilochunguzwa, nao ukajengwa na watu ambao hawakusubiri kuuliza wenye ukuta ni wa dini gani. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wajenzi, awafariji wazazi wa watoto wale, na aijaalie miji yetu yote kuwa ya amani. Amin.