Kabla hujatuma karo ya uuguzi

Mzazi wa Likoni au Kisauni, kutuma karo kwa simu ni dakika moja tu. Kuirudisha ndiyo kazi. Sisi hupata ada ukituma, lakini tunasema: usilipe chuo binafsi kabla hujahakikisha kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Bila hivyo mtoto hafanyi mtihani wa leseni, na bila leseni haajiriwi.

Na ajira yenyewe? Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba wa kupeleka Uingereza wauguzi wasio na kazi. Yaani vyeti walikuwa navyo, na bado walikuwa wamekaa nyumbani. Kwa hivyo kama karo ni ya kuuza shamba, sisi tungesubiri nafasi ya KMTC, iko hapa hapa Mombasa.