POMBE, SHERIA NA AFYA YA MNYONGE

Mwaka 1966 Bunge lilitunga sheria ya kudhibiti upikaji wa pombe ya moshi. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ikapiga marufuku pombe kali za viroba. Nia ilikuwa njema mara zote mbili. Lakini huko Karagwe na Kyerwa, ambako ndizi mbivu hukamuliwa, maji yake yakachachushwa kwa mtama yakawa rubisi, na rubisi ikapikwa ikawa gongo, hatuna budi kuuliza: je, marufuku hupunguza ulevi, au hubadilisha chombo tu?

Swali hili si la mzaha. Mwenye fedha pale Kayanga hunywa bia iliyopimwa kiwandani, na nguvu yake imeandikwa juu ya chupa. Mkulima maskini hunywa gongo isiyopimwa na mtu, asijue ukali wake. Akiugua ini, hospitali i mbali na akiba hana. Na msako ukipita, humwangukia mama mpishi, ambaye kwa gongo hiyo huwanunulia watoto madaftari. Hivyo sheria ni moja, bali uzito wake si mmoja.

Twashauri basi uchunguzi ufanywe kijiji kwa kijiji, tangu Nyakahanga hata Murongo mpakani mwa Uganda: nani hunywa nini, nani huumia, na mpishi apate riziki gani nyingine. Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Watunga sheria nao wasifanye kinyume.